Ram ni Ram Tu, Bosi

Ukitaka kujua Dar es Salaam ina mafundi kompyuta wangapi, tamka mbele za watu kwamba kompyuta yako imekuwa nzito. Dereva bajaji atakuambia ufute picha. Muuza vocha atakuambia hao ni virusi. Shemeji yako, ambaye kioo cha simu yake kina ufa tangu mwendokasi uanze, atakuambia upige Windows upya. Watabishana weee, na mwishowe watakubaliana kwenye jambo moja: ongeza ram. Uliza sasa ram ipi. Hapo wanakutazama kwa huruma, wanakupigapiga begani, wanakupa jibu ambalo lingeandikwa juu ya geti la Kariakoo kama Kariakoo ingekuwa na geti: ram ni ram tu, bosi.

Ram si ram tu. Wala si kile kingine ninachohubiriwa nyumbani kwangu kila Jumapili, kwamba ram zisizozaliwa tumbo moja hazikai pamoja. Nimechoka na wote wawili, na leo nitawasema wote wawili, kwa sababu safu ni yangu na wao hawana.

Nianze na aliyeniuzia. Kompyuta yangu ni ya mezani, zile za maofisini, iliyomaliza utumishi wake huko ng'ambo, ikastaafishwa, ikaletwa kwetu kuanza ajira mpya bila hata likizo. Prosesa yake ni i5 ya kizazi cha sita, toleo la mwaka 2015. Muuzaji, ambaye duka lake silitaji, hakuwa na maelezo mengi: "i5, GB nane, safi kabisa mzee wangu." GB nane zilikuwepo, simsingizii. Zilikuwa vipande viwili vya GB 4, na mazabodi ina sloti nne. Ubaya ulikuwa pale alipozichomeka.

Aliyefungua kasha ni mpwa wangu, mwanachuo, anayekuja kwa jina la kunisalimia kumbe amefuata kucheza mpira kwenye kompyuta yangu. Alichungulia ndani kwa tochi ya simu, akanyamaza kama daktari anayetafuta maneno ya kuwaambia ndugu.

"Mjomba, unajua unatumia chaneli moja?"

"Mimi natumia luku," nikamwambia. "Chaneli ziko kwenye king'amuzi."

Akaeleza, na kwa mara ya kwanza ada ya chuo ikaonekana imekwenda mahali. Prosesa ya aina hii ina njia mbili za kufikia ram, kila moja na upana wake wa biti 64. Ukigawa ram kwenye njia zote mbili, zinachotwa kwa pamoja, biti 128. Ukizirundika kwenye njia moja, ile nyingine inabaki haina kazi. Ni sawa na harusi yenye meza mbili za kupakulia pilau, halafu MC akasahau kutangaza ya pili: ukumbi mzima unapanga foleni kwenye moja, na wapakuzi wa pili wamesimama na miko mikononi wanatazamana. Pilau lipo, sahani zipo, ila mtakula usiku wa manane.

Kwa tarakimu ni hivi. DDR4 ya 2133 hupitisha kama GB 17 kwa sekunde kwenye chaneli moja. Chaneli mbili, 34. Mimi nilinunua mashine ya 34 nikawa naishi kwenye 17, na kilichoniudhi hasa ni kwamba kompyuta haikusema kitu. Mashine hiyohiyo inayonipigia kelele kutwa kwamba printa haionekani, kwamba kuna masasisho yanasubiri, kwamba nenosiri langu ni dhaifu, kwenye hili ilifunga mdomo. Iliwaka vizuri, ikaandika GB 8, ikaniacha nidhani uzito ule ni uzee.

Na tusiseme muuzaji hakujua kwa sababu ni teknolojia ya jana. Nvidia waliingiza chaneli mbili kwenye kompyuta za watu wa kawaida na chipseti yao ya nForce mwaka 2001. Mwaka 2008 Intel wakatoa Core i7 za kwanza zenye chaneli tatu, watu wakawa wananunua ram tatutatu, kisha mashine za kawaida zikarudi kwenye mbili. Prosesa za seva za EPYC ambazo AMD walitoa mwishoni mwa 2022 zina chaneli kumi na mbili. Kumi na mbili! Mpe muuzaji wangu mashine ile na ram kumi na mbili, uone kama hatazipanga kwa kufuata upande ambao mkono wake unafika kirahisi.

Lakini nimtetee kidogo, kwa sababu waliotengeneza mazabodi nao hawajasaidia. Wanapaka sloti rangi. Wazo zuri. Basi kwenye mazabodi nyingi rangi moja maana yake ni "weka pea yako hapa." Ila kumekuwa na nyingine ambazo rangi moja maana yake ni "hizi ni za chaneli moja, usiziweke zote hapa." Nyeusi na bluu, nyeusi na nyeupe, halafu wapo waliopaka zote nyeusi ili ugomvi uishe. Kuna vijiandiko pembeni, A1, A2, B1, B2, vya ukubwa wa sisimizi, na huwa vimefunikwa na waya. Mara nyingi unaambiwa uanze na A2 na B2, yaani ya pili na ya nne ukihesabu kutoka kwenye prosesa. Kwa nini usianze na ya kwanza kama binadamu wengine? Wanasema ni umeme, kwamba waya ukipita sloti iliyojaa ukaishia kwenye sloti tupu, ishara inarudi kama mwangwi na kuchafua nyingine. Naamini. Lakini kama ndivyo, wangeiita ya kwanza ile ya kwanza kujazwa, tukalala.

Basi nikaenda Kariakoo kutafuta GB 8 nyingine. Huko nikakutana na upande wa kwanza wa ugomvi wangu.

Fundi ana mkebe wa biskuti uliojaa ram. Zimelaliana humo, za kijani, nyeusi, moja ya bluu, nyingine zimechorwa kwa kalamu ya wino mzito: "4", "8", na moja imeandikwa "OK?" yenye alama ya kuuliza, ambayo naomba Mungu isije kununuliwa na mtu ninayemfahamu. Akachambua kwa vidole, akatoa moja. Nikaisogeza machoni. Ubao mwembamba, chipu nane nyeusi upande mmoja, meno ya dhahabu chini, na karatasi iliyochakaa pembeni: 8GB 1Rx8 PC4-2400T. Akachukua raba ya penseli, akayasugua yale meno mpaka yakang'aa, akapuliza, akaitia kwenye mfuko wa shati pamoja na chenji.

"Zangu ni 2133," nikamwambia. "Hii ni 2400. Na zangu ni za kampuni nyingine."

"DDR4 kwa DDR4, mzee wangu. Inapiga."

Kinachoniuma ni kwamba alikuwa sahihi kwa sababu ambazo hakuzijua. Kwenye kila ram kuna kijichipu kidogo kisichohusika na kazi yenyewe. Kimebeba wasifu tu. Kinaeleza ukubwa wa ram, kasi inayoiweza, na inahitaji kusubiriwa muda gani kabla ya kujibu. Ukiwasha mashine, bayosi inapita sloti kwa sloti inasoma wasifu huo, kisha inatafuta mwendo ambao zote zinauweza. Yaani mwendo wa anayechechemea. Ya 2400 inateremshwa mpaka 2133 na hakuna anayepiga kelele. Ingekuwa DDR3, hapo ingekuwa hadithi nyingine: DDR3 ya mezani ina meno 240, DDR4 ina 288, na pengo la katikati wamelihamisha makusudi ili isiingie hata kwa nguvu. Na mafundi wetu nguvu wanazo.

Nikarudi nyumbani nimeridhika. Jumapili ikafika.

Mpwa wangu aliishika ile ram kwa ncha za vidole. Akasoma karatasi yake. Akasoma za zile mbili za zamani. Kisha akanisomea hukumu: mjomba, kampuni tofauti, kasi tofauti, ukubwa tofauti, hii umeichukua mkebeni. Ram za chaneli mbili zinanunuliwa pea, ndani ya boksi moja, zimepimwa pamoja kiwandani. Ukichanganya unaharibu.

Huu ndio upande wa pili, na unanichosha kuliko wa kwanza, kwa sababu wa kwanza angalau una bei nafuu.

Nikamuuliza, unajua chipu za ram zinatoka wapi? Karibu zote duniani zinatoka kwa kampuni tatu: Samsung na SK Hynix za Korea Kusini, na Micron ya Marekani. Hizo nembo nyingine unazoziona, zenye makucha, radi na taa za disko, kwa sehemu kubwa ni watu wanaonunua chipu kwa hao watatu, wanazibandika kwenye ubao wao, wanafunika na bati la rangi. Unaweza kununua mbili za jina moja, leo na mwakani, ukakuta ndani moja ni ya Mkorea na nyingine ni ya Mmarekani. Na unaweza kununua majina mawili yanayotukanana kwenye matangazo, ukakuta ndani ni ndugu wa toka nitoke.

"Lakini mjomba, umeshusha 2400 kuwa 2133."

Sijaishusha mimi. Prosesa ya kizazi cha sita ilitoka kiwandani ikiwa kikomo chake kwa DDR4 ni 2133, na mazabodi za maofisini hazina mchezo wa kuvusha kikomo hicho. Angeniletea ya 3200 yenye taa za upinde wa mvua, bado ingetembea 2133, tena inawaka.

Halafu kuna lile jambo la kusubiri, ambalo nikilifikiria nashikwa na hasira za mlipa kodi. Ile herufi mwishoni mwa 2400T si pambo. Inasema ram inangojwa mapigo mangapi kabla haijatoa jibu. Ya 2133 herufi yake ni P, mapigo 15. Ya 2400 ni T, 17. Ya 2666 ni V, 19. Ya 3200 wameishiwa herufi moja, wakaandika AA, mapigo 22. Sasa chukua kikokotoo. Mapigo yameongezeka lakini kila pigo limekuwa fupi, kwa hiyo ya kwanza inakuchelewesha nanosekunde 14, ya pili 14, ya tatu 14, na ya nne karibu 14. Miaka yote hiyo ya matangazo na foleni bado ni ileile. Kilichoongezeka ni mzigo unaobebwa kila mara zamu ikifika. Kuna ofisi ninazozijua zimefanyiwa ukarabati wa namna hiyo.

Nilipotafuta wa kumlaumu nikampata Robert Dennard wa IBM, aliyebuni mwaka 1966 namna ya kuhifadhi biti moja kwa transista moja na kapasita moja. Kapasita yenyewe inavuja. Kila chumba kidogo ndani ya ram kinasahau kilichoambiwa, kwa hiyo lazima kikumbushwe tena, kwa kawaida kila baada ya milisekunde 64, kutwa kucha, mamilioni kwa mamilioni yake. Yaani tunagombana kuhusu kuoanisha vitu ambavyo vyenyewe bila kukumbushwa haviaminiki hata kwa sekunde. Lakini Dennard alifariki 2024, na marehemu hasemwi.

Sasa njoo kwenye kuchomeka, kwa sababu hapa ndipo dunia iliponicheka. Mpwa wangu alitaka tutoe zile GB 4 zote mbili, tubaki na ile 8, kisha tukanunue 8 nyingine inayofanana nayo kila kitu. Nikamuuliza kwa pesa ya nani. Akasema basi tutoe 4 moja, tuweke 4 na 8. Hilo nalo lingefanya kazi. Intel wana utaratibu wao, mashine inachukua 4 za huku na 4 za kule zinatembea kwa chaneli mbili, na zile 4 zinazobaki juu zinatembea kwa chaneli moja. Si vibaya. Lakini nikamwambia asubiri kwanza, ajumlishe. Kinachotakiwa si ram kufanana sura. Kinachotakiwa ni chaneli mbili kuwa na jumla sawa. Upande huu 4 na 4. Upande ule 8 peke yake. Nane kwa nane. Chaneli mbili kamili, GB 16, ram tatu za makabila mawili.

Na zile 4 mbili zikae wapi? Palepale alipozichomeka muuzaji. Upuuzi wake ule ule, bila kuusogeza hata milimita, ndio uliokuwa mpangilio sahihi. Nilipopita dukani kwake nikamweleza, kwa shingo upande, akatabasamu kama mtu aliyedaiwa kwa dhuluma na mahakama imemsafisha. "Si nilikuachia nafasi ya kuongeza, mzee wangu?"

Mpwa wangu hajakubali hadi leo. Mashine ikiwaka, anaweka sikio kwenye kasha akisubiri filimbi za malalamiko. Nikamruhusu aipime kwa MemTest86, programu iliyoanza na Chris Brady mwaka 1994, inayoandika na kusoma kila pembe ya ram ikitafuta kosa. Ni kipimo kizuri na nakipendekeza kwa yeyote anayechanganya ram, maana mchanganyiko mbovu haukuonyeshi ubaya wake siku ya kwanza. Unakusubiri uwe katikati ya kazi ambayo hujaisevu. Ila kinachukua saa nyingi, na kiliandikwa na mtu asiyeujua umeme wetu. Ulikatika kikiwa zaidi ya nusu. Tukaanza upya, ukakatika tena. Usiku ulipotulia kikamaliza: makosa sifuri.

Ungedhani kesi imefungwa. Thubutu. Tangu hapo kila kitu kinachoharibika nyumbani ni "zile ram za mchanganyiko, mjomba." Intaneti ikizorota, ni ram. Printa ikila karatasi, ram. Yeye mwenyewe akifungwa mabao kwenye mpira wake, ram, ingawa hapo ndipo anapofaidi kuliko mtu yeyote. Kompyuta yangu haina kadi ya picha, picha zake zinakopa ram hiyohiyo ya kawaida, na ndizo hasa zinazonona chaneli zikiwa mbili. Wachezaji wake walikuwa wanakimbia kwa mikwaruzo, sasa wanateleza. Mimi makala yangu haifiki hata KB 20. Chaneli moja, mbili, kumi na mbili, itaandikwa tu, kinachonikaba ni kivinjari chenye kurasa ambazo mke wangu kanikataza kuzifunga kwa sababu "nitazisoma." Kwa mtu kama mimi, kupata GB 16 zilizochanganywa ni bora mara nyingi kuliko kubaki na 8 zenye cheti cha ndoa, na hilo ningependa walimwengu waniambie mapema kabla sijakaa vikao vyote hivi.

Na mpwa asidhani hao wa boksi moja wametakasika. Kwenye DDR5, anayoiota usiku, prosesa za Ryzen 7000 zinaruhusiwa rasmi 5200 ukiweka ram mbili. Jaza sloti zote nne, hata kama zote nne ni mapacha, kikomo rasmi kinateremka mpaka 3600. Nilimsomea hilo taratibu, nikalirudia.

Anayenisumbua sasa ni jirani mwenye steshenari. Ana laptopu ya kizazi cha nne cha Intel, ambayo fundi mmoja aliitia ram ya DDR3 ya kawaida, ya volti 1.5, wakati mashine ilitaka ile yenye L, ya volti 1.35. Ikawa giza. Taa inawaka, feni inazunguka, kioo cheusi tii, na fundi anaapa kwamba ram ni ram. Ram ikatolewa, laptopu ikafufuka na GB 4 zake. Sasa amesikia kwamba nina tatu.

"Jirani, tatu zote za nini? Niazime moja, we bakia na pea."

Nikamwonyesha. Yangu ina urefu wa sentimita 13 na ushee, yake saba. Yangu meno 288, yake 204. Yangu DDR4, yake DDR3. Na hata ingeingia, nikitoa moja ya upande huu, nane kwa nane inakuwa nne kwa nane, nami nirudi kwenye vikao.

Alinisikiliza mpaka mwisho. Kisha akasema angejua mapema mimi ni mchoyo kiasi hiki, asingekuwa ananipigia fotokopi kwa mkopo.